Nani Ameniita? Wito na Uanafunzi Katika Hadithi Zetu

Ndugu msomaji, hadithi ya wokovu unaijua hata kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Kuna kijana wa mjini. Anakunywa, anavuta, analala asikokujua, na mama yake analia kila usiku. Siku moja anapita kando ya uwanja wenye mkutano wa injili. Spika zinanguruma, na mhubiri anamnyooshea kidole yeye peke yake kati ya watu elfu. Miguu inalegea. Mwanga unamshukia. Anakwenda mbele akibubujikwa na machozi, anaombewa, anainuka mtu mpya. Tamati.

Miswada ya namna hii ni mingi mno miongoni mwetu sisi waandishi chipukizi, na sisemi isiandikwe. Wengi wetu tumelelewa makanisani, na mtu huandika alichokiona. Kinachonikera ni kwamba hadithi hizi hufungwa pale pale ambapo zingepaswa kuanza. Haya, kijana ameinuka mbele ya jukwaa. Kesho asubuhi anaamkia wapi? Deni la pombe kwa yule mama wa kilabuni analilipaje? Yule binti aliyempa mimba je? Na kubwa kuliko yote: amejuaje kwamba aliyemwita ni Mungu, si spika, si njaa, si upweke?

Swali hilo si la mchezo. Tuliomaliza kidato cha nne tukabaki mjini bila ajira tunalijua. Ukikaa kijiweni miaka miwili, mtu yeyote atakayekuambia kwamba umeitwa kwa kazi maalumu utamsikiliza. Wapo walioacha vibarua vyao na kuwafuata wahubiri waliowakamua mpaka senti ya mwisho. Wapo pia walioitwa kweli wakapata maisha. Fasihi ingeweza kutusaidia kutofautisha, lakini haiwezi kama nayo inadanganya.

Hoja yangu ni moja tu. Hadithi ya wito husimama au huanguka kwa mambo mawili: jinsi mhusika anavyoitambua sauti, na jinsi anavyoishi siku inayofuata. Mwanga na machozi ni mapambo. Nitalipima jambo hili kwa maandiko manne: kisa cha mtoto Samweli, habari za Petro katika Injili, kitabu cha Augustino wa Afrika ya Kaskazini, na riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iitwayo The River Between. Ninayasoma yote kama msomaji wa hadithi. Mwenye imani asikasirike, na asiye na imani asikimbie.

Mtoto aliyekimbilia kwa mzee

Tuanzie Shilo, katika sura ya tatu ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Samweli ni mtoto aliyewekwa katika nyumba ya Mungu na mama yake Hana, aliyemwomba kwa machozi mpaka akampata. Analelewa na kuhani Eli, mzee ambaye macho yake yameanza kuingia giza. Kabla ya tukio lenyewe mwandishi anatupa habari chache za kuandaa mandhari: siku hizo neno la Mungu lilikuwa adimu, na usiku huo taa ya hekaluni ilikuwa bado haijazimika. Hakuna radi, hakuna tetemeko.

Mtoto anasikia anaitwa. Anafanya nini? Anafanya kile ambacho mtoto yeyote aliyefunzwa adabu hapa kwetu angefanya. Mtoto wa Uswahilini akiitwa na mkubwa hajibu "Nini?" kutoka chumbani. Huitika "Naam" au "Labeka" huku miguu iko njiani. Samweli naye anakimbia kwa Eli, kwa kuwa hapo hekaluni hamjui mwingine wa kumwita usiku. Mzee anamwambia hakumwita, akalale. Mara ya pili ni hivyo hivyo. Mara ya tatu ni hivyo hivyo.

Hebu tulia hapa kidogo. Mwandishi angeweza kumfanya Samweli aijue sauti mara ya kwanza. Kama ni sifa za kiroho, anazo zote: ni mtoto wa maombi, anavaa vazi la kitani la huduma, analala karibu na sanduku la agano. Lakini tunaambiwa waziwazi kwamba alikuwa bado hajamjua Bwana. Yumo ndani ya nyumba ya Mungu kila siku, anafanya kazi zake vizuri, na hajui. Na sauti yenyewe, ilipokuja, haikuwa ya ajabu. Ilifanana na ya mzee wa nyumbani kiasi cha kuwachanganya wote wawili.

Anayeitambua ni Eli, na Eli si malaika. Sura inayotangulia imeshatueleza habari za wanawe, Hofni na Finehasi. Ni makuhani hao, lakini wanawanyang'anya watu nyama ya dhabihu kwa uma wa meno matatu, na wanalala na wanawake wanaohudumu mlangoni. Baba yao amewakemea kwa mdomo tu. Basi huyu aliyeshindwa nyumbani kwake, aliye kipofu nusu, ndiye anayeng'amua kwamba mtoto anaitwa na Mungu. Anamfundisha namna ya kujibu, kisha anabaki kitandani kwake. Haendi naye kusikiliza. Hasemi, "Sauti ikija niite nikutafsirie." Tazama jinsi mwandishi alivyomchora mzee huyu kwa matendo mawili tu, ukaona ubora wake na upungufu wake kwa pamoja. Wahusika wetu wa kidini huwa bapa: mchungaji mwema kabisa au mchungaji mwizi kabisa. Eli ni mtu.

Kisha ujumbe. Msomaji wa leo angetegemea Samweli aambiwe habari za ukuu wake mwenyewe, kwamba atakuwa nabii na mataifa yatamsikia. Badala yake anaambiwa kwamba nyumba ya Eli itahukumiwa. Yaani kazi ya kwanza ya mtoto huyu ni kubeba habari mbaya juu ya mtu anayemlea. Analala mpaka asubuhi, halafu anaamka na kufungua milango ya nyumba ya Bwana, akiogopa kusema.

Kifungu hicho cha milango nakipenda kuliko vyote katika kisa hiki. Mtoto amezungumza na Mungu usiku, na asubuhi anakwenda kufungua milango kama kawaida. Hofu yake yote imo katika kazi hiyo ndogo. Mwandishi hakuhitaji kutuambia moyo wake ulidunda kama ngoma. Eli anapombana aseme, anasema yote bila kuficha, na mzee anaipokea hukumu yake bila kumgeuka mtoto. Hapo ndipo unabii wa Samweli unapoanza, katika kumwambia ukweli mtu anayempenda.

Na mwandishi hamwachi hivi hivi mpaka mwisho. Fungua sura ya nane. Samweli amezeeka, na wanawe nao wanakula rushwa. Yule yule aliyetumwa kumkemea Eli kwa ajili ya wanawe amevuna mavuno yale yale. Ni wangapi kati yetu tungethubutu kuandika hivyo juu ya shujaa wetu aliyeitwa na Mungu?

Mioto miwili ya Petro

Samweli alikuwa mtoto asiyeijua sauti. Tumtazame sasa mtu mzima aliyeifuata papo hapo. Katika sura ya kwanza ya Injili ya Marko, Simoni na nduguye Andrea wanatupa nyavu baharini. Yesu anapita, anawaita, wanaacha nyavu na kumfuata. Mbele kidogo, Yakobo na Yohana wanamwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara. Yote hayo kwa mistari mitano. Waliwaza nini? Wake zao walisema nini? Marko kimya.

Mtu anaweza kudhani Marko ni mwandishi mvivu. Sivyo. Wito ameumaliza haraka kwa sababu ana shughuli kubwa zaidi: kuonyesha, katika sura kumi na tano zinazobaki, jinsi watu hawa walioacha nyavu wasivyoelewa wamemfuata nani. Katika sura ya nane Petro anamkiri Yesu kuwa ndiye Kristo, na muda huo huo anamkemea kwa sababu ametaja mateso na kifo, naye anarudishiwa kemeo kali. Baadaye wanabishana njiani nani mkubwa. Bustanini wanasinzia. Askari wakija wanakimbia. Na Petro anamkana mara tatu kabla ya jogoo kuwika mara ya pili. Basi ukimuuliza Marko uanafunzi ni nini, atakuonyesha watu wanaokosea huku wakiendelea kufuata.

Wainjili wengine wanaongeza yao. Luka anasema kulikuwa na usiku mzima bila samaki, kisha nyavu zikaanza kukatika kwa wingi wa samaki, na Petro akaanguka magotini akimwomba Yesu aondoke kwake. Hiyo ni saikolojia ya kweli. Anayeitwa kwa dhati mara nyingi hutaka kwanza aachwe alivyo. Yohana naye anasema aliyempeleka Petro kwa Yesu ni Andrea, ndugu yake. Kwa hiyo hapa pia, kama kule Shilo, kuna mtu wa kati, na si mtu mkubwa. Ni kaka wa tumbo moja aliyetangulia kusikia.

Lakini ufundi uliopita wote uko mwishoni mwa Yohana. Katika sura ya kumi na nane ni usiku wa baridi, watumishi wamewasha moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, Petro anaota moto pamoja nao na anamkana bwana wake. Katika sura ya ishirini na moja ni alfajiri ufukweni, na kuna moto wa makaa tena, wenye samaki na mkate. Katika Kigiriki cha Agano Jipya neno hilo la moto wa makaa limetumika mahali hapo pawili tu. Mbele ya moto wa pili Petro anaulizwa mara tatu kama anampenda Yesu, hesabu ile ile ya kukana. Mwandishi hatuambii kwamba Petro alikumbuka. Amewasha moto tu, basi, na harufu ya makaa inafanya kazi yote. Ndipo Petro anaambiwa tena amfuate, kana kwamba ndiyo siku ya kwanza.

Utaniuliza: na Sauli je? Huyo si alipigwa na mwanga njiani kwenda Dameski? Ni kweli, alipigwa. Lakini soma sura ya tisa ya Matendo ya Mitume mpaka mwisho. Mwanga ule ulimwacha kipofu siku tatu, hali wala hanywi, akiongozwa kwa mkono kama ombaomba. Alihitaji mtu aitwaye Anania amwendee, na Anania aliogopa kwenda. Alianza kuhubiri mapema, naam, lakini alipofika Yerusalemu wanafunzi walimkwepa wakidhani ni mtego. Na katika barua kwa Wagalatia anasema mwenyewe kwamba ilipita miaka mitatu kabla hajapanda Yerusalemu kuonana na Petro. Hadithi zetu zimeazima mwanga wa Dameski zikaacha upofu, zikamwacha Anania na hofu yake, na miaka ile mitatu hazikuigusa.

Neno letu wenyewe

Kiswahili kimetupa zawadi hapa ambayo hatuitumii. Katika Biblia ya Kiswahili wafuasi wa Yesu huitwa wanafunzi. Ni neno lile lile la mtoto mwenye daftari na penseli, anayekosea hesabu, anayechelewa namba, anayerudia darasa. Wachache wao baadaye wanaitwa mitume, yaani waliotumwa. Kwanza unafunzwa, kisha unatumwa.

Katika miswada yetu kijana akiokoka Jumapili, Jumatano tayari yuko jukwaani ameshika kipaza sauti. Ametumwa kabla hajafunzwa. Msomaji ananyimwa sehemu tamu kuliko zote: yule mlevi wa jana akijifunza kusali na kusinzia, akisoma sura nzima asiambulie kitu, akipita mbele ya kilabu cha zamani na wenzake wakimwita kwa jina la utani. Hapo ndipo penye riwaya.

Bustani ya Milano

Kuna mtu aliyeandika sehemu hiyo bila kuona haya, naye ni Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, mji ambao leo uko Algeria na unaitwa Souk Ahras. Alikuwa mwalimu wa ufasaha wa lugha, kijana mwenye tamaa ya jina, aliyeishi na mwanamke miaka mingi na kuzaa naye mtoto wa kiume. Kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika kati ya miaka ya 397 na 400 hivi akiwa tayari askofu, kimegawanyika katika vitabu vidogo kumi na tatu.

Tukio la wito liko mwishoni mwa kitabu cha nane. Ni mwaka 386, katika bustani ya nyumba mjini Milano. Augustino anajua anachotakiwa kufanya na hawezi. Anajirarua nywele, analia chini ya mtini. Kisha kutoka nyumba ya jirani anasikia sauti ya mtoto, wa kiume au wa kike hajui, ikirudiarudia kama wimbo, ikimhimiza mtu achukue na kusoma. Angalia anachofanya mtu huyu msomi. Kabla hajasema ni Mungu, anajiuliza kama kuna mchezo wowote wa watoto wenye maneno hayo. Anapekua kumbukumbu zake, haoni. Hapo ndipo anainuka, anakichukua kitabu cha barua za Paulo alichokiacha kando ya rafiki yake Alipio, anafungua na kusoma.

Sauti hiyo ilikuwa ya mtoto wa jirani tu, na mwandishi hafichi. Haihitaji iwe ya malaika. Uzito wa sauti unatokana na kurasa zote zilizotangulia: mama yake Monika aliyemfuata mpaka Italia, mahubiri ya Askofu Ambrosi, habari za Antoni wa jangwani alizosimuliwa siku hiyo hiyo. Sauti ilikuwa cheche, kuni zilishapangwa miaka mingi. Mwandishi chipukizi anayetaka mwanga ushuke ghafla na ajifunze kupanga kuni.

Lakini kwa hoja yetu, jambo kubwa zaidi ni hesabu. Wito uko katika kitabu cha nane, na vitabu ni kumi na tatu. Angekuwa mmoja wetu, angeweka tamati hapo. Yeye anaendelea. Katika kitabu cha tisa anabatizwa, Pasaka ya mwaka 387, na mwaka huo huo mama yake anafariki huko Ostia. Na katika kitabu cha kumi, akiwa askofu, anakaa chini na kuorodhesha vishawishi ambavyo bado vinamsumbua: ndoto za usiku, utamu wa chakula, kupenda kusifiwa. Askofu mzima! Nashangaa ujasiri wa mtu kuwaambia waumini wake kwamba bado yumo darasani. Kinachonifanya niamini bustani ile ni kitabu hiki cha kumi.

Makuyu na Kameno

Turudi sasa karibu na kwetu. The River Between ilitoka mwaka 1965, mwandishi akijulikana bado kwa jina la James Ngugi. Ngugi alifariki mwaka 2025, na mengi yalisemwa juu ya siasa zake na lugha ya Kigikuyu. Hayakusemwa mengi juu ya jinsi alivyochora watu walioitwa. Riwaya hii imewajaa. Katika matuta mawili yanayotazamana, Makuyu na Kameno, na mto Honia katikati, karibu kila mhusika mkubwa anasikia sauti.

Yupo Joshua. Katika ujana wake alikimbilia misheni ya Siriana na kupokea imani mpya. Ana bidii, ana msimamo, anatetemesha watu akihubiri. Ila tangu siku ya kuongoka kwake hajajifunza kitu kingine. Mke wake Miriamu alitahiriwa kabla ya ndoa, na jambo hilo limekuwa dhambi ya kuombea toba mwaka hadi mwaka. Binti yake Muthoni anapokwenda kinyume naye, Joshua anamfuta moyoni kama vile hakuwahi kumzaa. Huyu ni mtu aliyeitwa akakataa kuwa mwanafunzi. Amefaulu mtihani mara moja na hataki kurudi darasani. Ukitaka kujua hadithi zetu za wokovu huzaa nani miaka ishirini baada ya tamati, mtazame Joshua.

Yupo Waiyaki. Baba yake Chege anampeleka kwenye msitu mtakatifu na kumwambia habari za unabii wa Mugo wa Kibiro, kwamba mkombozi atatoka katika milima ile. Anamtuma akasome kwa Wazungu bila kuchukua tabia zao mbaya. Wito huu si wa Kikristo, lakini muundo wake tumeukuta Shilo: mzee anamwonyesha kijana sauti. Tofauti ni kwamba Chege anakufa mapema, na Waiyaki hana tena wa kumkimbilia usiku. Anajenga shule ya Marioshoni, anapendwa, anaitwa Mwalimu, lakini hajui kwa uhakika ameitwa kufanya nini: kuelimisha, kupatanisha au kuongoza siasa. Anachelewa kujua, na Kabonyi na Kiama chake hawachelewi. Mwishoni umati ule ule uliomshangilia unamkabidhi yeye na Nyambura mikononi mwa Kiama.

Na yupo Muthoni, ambaye kwangu ndiye mtu mkubwa wa riwaya hii. Anamwambia dada yake Nyambura kwamba yeye ni Mkristo na hataki kuacha kuwa Mkristo, lakini anataka pia awe mwanamke kamili wa kabila lake. Anavuka mto kwenda kwa shangazi yake, anatahiriwa, kidonda kinaoza, anafia hospitali ya Siriana. Kabla hajafa anamtuma Waiyaki amwambie Nyambura kwamba anamwona Yesu.

Nieleweke vizuri. Tohara ya wanawake huumiza na huua, na riwaya yenyewe haifichi kwamba ndiyo iliyomwua Muthoni. Simsifu kwa alichochagua. Ninachosema ni kwamba, kati ya Wakristo wote wa kitabu hiki, yeye peke yake anauliza swali la mwanafunzi: nimfuateje huyu aliyeniita nikiwa mimi, binti wa hapa, mwenye watu hawa? Baba yake hana jibu kwa sababu hajawahi kuliuliza. Misheni haina jibu. Hana Eli wa kumkimbilia, hana Andrea. Ana mto mbele yake, na anauvuka peke yake.

Hapa namlaumu mwandishi. Ngugi aliandika riwaya hii akiwa kijana, na inaonekana. Muthoni anakufa kabla hatujafika nusu ya kitabu, na baada ya hapo anageuzwa kuwa hoja ya watu wengine kugombania. Kurasa nyingi anapewa Waiyaki na mawazo yake yanayozunguka pale pale. Laiti Muthoni angeachwa aishi! Tungeona jinsi mtu anavyoamka siku ya pili akiwa na imani ya upande mmoja wa mto na watu wa upande wa pili. Riwaya hiyo nadhani bado inamsubiri mwandishi, na si lazima awe Mgikuyu.

Wenzetu wa ushuhuda

Mtu anaweza kunipinga kwamba hadithi ya mwanga na tamati ndiyo mila yetu, tumeirithi kutoka ushuhuda wa Walokole. Sikubali. Uamsho ule, uliopata moto huko Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Tanganyika na Kenya, uliwafunza watu kusimama hadharani na kusimulia maisha yao. Hiyo ni shule kubwa ya usimulizi, na wachache wetu tumeitambua hivyo. Lakini Walokole hawakuishia siku ya kuokoka. Walikutana kila wiki katika ushirika na kuungama mambo madogo ya wiki hiyo: uongo wa dukani, hasira kwa mke, deni lisilolipwa. Wengine walirudisha mali walizoiba na kwenda kuomba radhi. Ushuhuda wao ulikuwa na kitabu cha kumi, kama wa Augustino. Mikutano ya viwanjani imeshika siku moja ikaacha wiki zote.

Kwa mwenzangu mwenye kalamu

Basi tufanye nini? Sina sheria za kutoa, mimi mwenyewe bado nahangaika na mswada wangu wa kwanza. Nina maswali machache ya kuuliza mhusika yeyote anayesema ameitwa. Sauti aliyoisikia ilifanana na ya nani? Alimwendea nani kuuliza, na huyo aliyemuuliza ana dosari gani? Wito umemtaka apoteze nini? Kama haukumtaka apoteze kitu, ukampa gari na jina tu, basi mwandishi atuachie tumtilie shaka. Na je, bado anakosea? Kama hakosei tena, ameshatoka darasani, na hadithi imekufa.

Nasema haya nikijua kwamba nasi hupenda kusema tumeitwa kuandika. Neno hilo hilo. Basi na tujipime kwa kipimo hicho hicho. Sauti inayotuita kwenye karatasi mara nyingi hufanana na ya mtu wa nyumbani: bibi aliyetusimulia hadithi, mwalimu wa Kiswahili aliyesoma insha yetu kwa sauti mbele ya darasa. Si aibu kumkimbilia mtu huyo kwanza. Samweli alikimbia mara tatu.

Kwa hiyo, mwenzangu, urudie mswada wako. Mwanga uache kama unataka, sitakunyang'anya. Lakini futa tamati. Mlaze kijana wako, kuche, aamke. Mama wa kilabuni anamdai. Binti anamsubiri na tumbo lake. Kanisani hajui aketi wapi. Mwandike hapo, anapovaa viatu na kwenda kufungua mlango.